Mtoto anaamka usiku, mama miguu haitulii: anzeni na chai ya jioni

Wiki hii nina barua moja ndefu, nami nimeamua kuipa karibu nafasi yote ya safu hii, kwa sababu nadhani wengi wenu mtajiona ndani yake. Imetoka kwa mama mmoja wa Misima, kule Handeni, kwenye barabara iendayo Korogwe. Nimeifupisha:

“Daktari, nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Usiku anaamka mara tatu au nne analia, nikimpa titi ananyonya kidogo anasinzia. Jioni ugali hataki, anataka chai ya rangi na andazi, nami nampa maana akikosa hapalaliki. Mchana hachezi kama wenzake, anapenda kukaa tu. Bibi yake anasema ni minyoo, jirani anasema ni meno. Mimi mwenyewe nina ujauzito wa miezi sita. Nikilala miguu inanicheza kwa ndani, mpaka niinyooshe au nisimame nitembee. Vidonge vya damu vya kliniki natumia, nakunywa asubuhi na chai maana bila chai vinanichefua. Tufanyeje? Na baba yake naye anakesha shambani kulinda mahindi, mchana analala saa mbili tu. Hatadhurika?”

Mama, maswali yako ni manne, lakini mawili ya kwanza yana mlango mmoja. Mlango huo ni kikombe cha chai ya jioni.

Najua ninakogusa. Chai kwetu si kinywaji tu, ni heshima. Mkoa wa Tanga unailima wenyewe juu kule Usambara, na mgeni akiingia nyumbani asipopewa chai huondoka na neno. Sikuambii uache chai. Nakuambia inywewe na nani na saa ngapi.

Chai ina vitu viwili vinavyotuhusu hapa. Cha kwanza ni ule ukakasi unaousikia ulimini chai ikikolea. Ukakasi huo ukikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde, mchicha au unga, huyashika yasiingie mwilini. Kikombe cha chai kikinywewa pamoja na mlo wa aina hiyo kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata. Kuongeza maziwa hakuondoi tatizo. Na chuma ndicho mwili unachotumia kutengeneza damu.

Cha pili ni kafeini, ile inayochangamsha. Kwa mtu mzima, baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Aliyekunywa chai saa moja jioni, saa sita usiku bado anayo nusu. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho huchukua muda mrefu zaidi ya huo, mara mbili hata tatu. Na mtoto mdogo, mwili wake ni mdogo. Kikombe ambacho kwako ni cha kawaida, kwake ni kikubwa.

Sasa tuuangalie mlo wa mwanao wa jioni: chai ya rangi yenye sukari na andazi. Tumbo limejaa, mtoto amenyamaza, lakini kilichoingia ni unga mweupe, mafuta na sukari, pamoja na kinywaji kinachozuia hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye mlo huo na kumchangamsha wakati wa kulala. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hahitaji chai kabisa, iwe ya rangi au ya maziwa. Mpe maji safi, maziwa, au tunda.

Lakini kuamka kwake kusikutie hofu kuliko inavyostahili. Mtoto wa umri huu kuamka usiku mara moja au mbili ni kawaida, na meno nayo yana usumbufu wake. Kilichonishtua mimi ni ile sentensi uliyoipitia haraka, kwamba mchana hachezi, anakaa tu. Mtoto wa mwaka na nusu asiyechokoza vitu anahitaji kuangaliwa damu.

Fanya hivi leo. Mkae mlangoni penye mwanga wa jua, ufungue kiganja chake na ukilinganishe na chako na cha mtoto mwingine mwenye afya. Kisha vuta taratibu kope la chini la jicho utazame ndani. Kama kiganja kimepauka na ndani ya kope pamekuwa peupe badala ya wekundu, usisubiri siku ya kliniki, nenda zahanati kesho asubuhi. Kama anahema haraka, amelegea au hawezi kunyonya, nenda sasa hivi. Na hata ukiona viganja vyake ni vyekundu, bado omba apimwe wingi wa damu, kwa sababu macho hudanganya. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Yaani mtoto mwenye damu pungufu hapa kwetu si wa ajabu. Wapo wengi kuliko wasio nayo pungufu, ndiyo maana hatuwaoni.

Mkifika zahanati, akipimwa damu apimwe na malaria. Hili nalisisitiza, maana kuna wazazi wanaokwenda moja kwa moja duka la dawa kununua dawa ya maji ya kuongeza damu. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Maelfu ya watoto walipewa chuma kila siku bila kwanza kuangaliwa nani anakihitaji, mahali penye malaria nyingi. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mapema, kwa kuwa waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika. Basi dawa ya chuma kwa mtoto ni nzuri ikitolewa na mhudumu aliyempima. Dukani kwa kukisia, hapana.

Bibi yake naye hajakosea sana. Minyoo, hasa ile ya safura inayopenya nyayoni kwa mtoto anayetembea pekupeku, hunyonya damu. Watoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano hupewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, pamoja na matone ya vitamini A, kwenye mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba. Angalia kadi yake kama alikosa. Na malaria ndiyo mla damu mkubwa kuliko minyoo. Jirani zenu wa Korogwe ni mfano wa kuwapa moyo. Katika kijiji cha Mkokola, watafiti walikuta vimelea vya malaria kwa zaidi ya watu 78 katika kila 100 waliopimwa mwaka 2003. Walipopima mwaka 2008 walikuta 13. Ugonjwa ule ule, mbu wale wale, miaka mitano tu. Chandarua chenye dawa ni sehemu ya matibabu ya damu ya mwanao, na pia ni sehemu ya usingizi wake.

Turudi jikoni, maana hapo ndipo utakapokuwa kila siku.

Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma ya miezi sita hivi. Ikiisha, maziwa ya mama peke yake hayatoshi. Lazima chakula kilete. Chuma kilichomo kwenye nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha kunde, maharage na majani huingia kwa shida, lakini kina wasaidizi wawili: samaki au nyama kidogo ndani ya sufuria hiyo hiyo, na kitu kichachu kibichi chenye vitamini C kama chungwa, ndimu au ubuyu. Sasa niambie, katika hivyo ni kipi ambacho Handeni hakipatikani? Mbaazi na kunde mnalima, machungwa yanapita barabarani kwa malori, mibuyu imesimama porini, na dagaa wapo kwa kipimo gengeni. Watu wananiuliza wanunue juisi ya bitiruti au rozela kwa sababu ni nyekundu. Rangi ya juisi si damu. Na wanaochemsha matembele wakanywa maji yake na kutupa majani, wanakunywa kivuli.

Dagaa nunua wakavu, wanaong'aa, wasio na ukungu. Ondoa vichwa kama vina mchanga, osha, kausha tena juani, kaanga bila mafuta, twanga uchekeche. Vijiko viwili vya chai vya unga huo kwenye bakuli lake la mbaazi zilizopondwa na ugali laini, halafu kipande cha chungwa baada ya kula. Mlo huo unakipita kikombe cha chai na andazi kwa mbali sana, na gharama haipishani mno. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki, siku mtakapoyapata, yanamfaa yeye. Wewe mjamzito usiyale mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu vitamini A iliyomo ni nyingi mno. Kula nyama, dagaa na kunde.

Utasema, “Lakini hataki ugali jioni.” Kwa nini atake? Anajua chai inakuja. Mtoto akishazoeshwa utamu wa sukari atasubiri. Mlishe mapema, saa kumi na mbili jioni, kabla hajachoka. Watoto wengi wa vijijini hukataa chakula cha usiku kwa sababu kinaiva saa tatu, wao wameshasinzia. Mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe, umkalie karibu, usimlazimishe, na hiyo chai isionekane. Tegemea vurugu siku tatu nne za kwanza. Wewe na wakubwa wengine mkiendelea kunywa mbele yake hutashinda, inyweni asubuhi.

Na uji? Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama robo lita hivi, kikombe kidogo. Ukilijaza uji mwepesi unaotiririka, umelijaza maji. Atakojoa, atasikia njaa, ataamka. Uji unaofaa ni ule unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Ukiwa mzito mno akashindwa kuumeza, kuna ujuzi wa zamani ambao wataalamu wa lishe nchini waliufundisha tangu miaka ya 1980: kimea. Unga wa mtama au ulezi uliooteshwa, ukatolewa mizizi na machipukizi yote, ukakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja tu kwenye sufuria ya uji mzito huulainisha ukawa wa kunyweka, na nguvu yote ikabaki humo. Uchemshe tena baada ya kukitia. Yale machipukizi usiyaache, yana sumu. Na nafaka ikiota ukungu, itupe.

Hapo hapo niseme neno kuhusu “unga wa lishe” wa vitu kumi. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga, dagaa, vyote mashineni kwa pamoja, halafu ndoo inakaa miezi miwili. Karanga zikisagwa na kukaa huchacha, na karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara kwa Kiteto si mbali nanyi. Changanya nafaka moja au mbili. Karanga zichambue, kaanga, twanga za siku chache tu, tia kwenye uji wakati wa kupika. Na ule uji unaopikwa alfajiri ukawekwa kwenye chupa ya chai ili dada yake ampe mpaka saa nane mchana, unakuwa kitalu cha vijidudu. Afadhali ndizi na parachichi viachwe, uji upikwe upya mkirudi shamba.

Swali ambalo hukuniuliza, lakini najua bibi ameshakuambia: mjamzito anamnyonyesha, atambemenda mtoto. Hapana, mama. Maziwa yako hayaharibiki kwa sababu ya mimba. Kama ujauzito wako hauna matatizo, huna historia ya kujifungua kabla ya wakati na hutokwi na damu, endelea kumnyonyesha. Kinachomkondesha mtoto katika hali hii ni kuachishwa ghafla bila chakula cha kutosha. Wewe ndiye unayehitaji kula zaidi, maana sasa unalisha watatu.

Sasa miguu yako. Hali uliyoieleza, ya miguu kucheza kwa ndani ukishalala na kutulia ukitembea, inajulikana kitabibu na huwapata wajawazito wengi. Si uchawi wala si mchanga uliokanyaga. Mara nyingi huendana na upungufu wa chuma, na kafeini ya jioni huizidisha. Kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Kama unajikuta pia unatamani kula udongo, mchele mbichi au barafu, hiyo nayo ni dalili inayotembea pamoja na upungufu wa damu, na udongo huo wenyewe huzuia chuma. Mwambie muuguzi bila aibu, hatakucheka.

Vidonge vyako ni sahihi, ila unavinywa na mwizi wake. Vihamishie usiku, dakika chache baada ya chakula, kwa maji na kipande cha chungwa au maji ya ndimu. Ukiwa umelala kichefuchefu hukisikii sana. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ndivyo vinavyofanya. Chai yako inywe asubuhi, saa moja au zaidi baada ya kula, kikombe kimoja au viwili, na baada ya saa sita mchana basi. Kabla ya kulala, mtu akukande miguu, uinyooshe, ulalie ubavu wa kushoto. Kliniki ijayo uliza namba ya damu yako, usikubali kuambiwa “iko sawa” tu. Ikiwa chini ya 11, waulize watafanya nini na lini utapimwa tena.

Tofautisha na haya: miguu au uso kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, maumivu juu ya tumbo. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba, nazo hazingoji kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mnauliza mara kwa mara mtoto alale saa ngapi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mwaka mmoja hadi miwili, saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake, miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji saa 9 mpaka 12, kwa hiyo anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuchota maji awe amelala saa mbili usiku. Kijana wa sekondari anayekunywa kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu ili asome usiku, huwa anakopa usingizi kwa riba. Mwambieni asome alfajiri. Maziwa ya moto kuleta usingizi? Ushahidi wake ni mdogo, lakini mtoto aliyekula akashiba akanywa maziwa kidogo halali vibaya.

Limebaki la baba. Mzee, najua ngedere hawana likizo na nguruwe huja usiku, na gunia zikiliwa ndiyo njaa yenyewe, kwa hiyo sitakuambia uache kulinda. Lakini mtu mzima anahitaji saa 7 katika saa 24, na wewe unapata mbili. Ukiendelea hivyo wiki kadhaa, shinikizo la damu hupanda, hasira huja bila sababu, na ukipanda pikipiki asubuhi unasinzia ukiwa unaendesha. Panga zamu na mwenye shamba jirani: mmoja alinde mpaka saa saba usiku, mwingine mpaka kupambazuke, na kila mmoja alale kipande kisichokatwa. Kahawa yako inywe mwanzoni mwa zamu, siyo mwishoni, maana ya alfajiri ndiyo inayokunyima usingizi wa asubuhi. Ukirudi usianze kazi nyingine. Kula, ingia chumba chenye giza, lala saa nne au tano kabla jua halijawa kali, na watoto wachezee upande mwingine wa nyumba.

Na dunguni unalala bila neti, sivyo? Ukiumwa na mbu huko, malaria inarudi na wewe nyumbani kwa mjamzito na mtoto ambaye damu yake tunaihangaikia hapa. Kile chandarua cha zamani kilichozungushiwa vifaranga kitoe, kifue, kishone matundu. Kikifungwa kwa kamba nne kwenye nguzo za dungu, pindo likaingizwa chini ya mkeka, kinamtosha mtu mmoja.